Nimekuja Kuwaaga

Jina la nchi yetu siwatajii. Si kwamba naogopa, la hasha. Nchi yetu haina mtu anayeogopa. Tuna idara nzima ya kuhakikisha hivyo, na anayekutwa anaogopa huitwa huko akaelezwa mpaka akaelewa. Siwatajii kwa sababu jina hubadilishwa kila Mheshimiwa Mkubwa akiota ndoto nzuri, na yeye, Mungu amzidishie, analala sana. Nikiwaandikia jina la leo asubuhi, mtalikuta limeshapitwa.

Mimi ni Machano Vuai, na ni marehemu. Msishtuke, wala msianze kunisomea. Nimeshasomewa, na nilikuwepo. Nimekaa hapa kibandani, chai ninayo mbele yangu, mkate ninao, na hasira ninazo za kutosha mtaa mzima. Nawaeleza tu yalivyokuwa, maana ninyi ni watu wa nchi nyingine kabisa na mambo haya kwenu hayapo. Hayapo, sivyo? Haya, tuendelee.

Nilipokuwa hai nilikuwa Mpiga Makofi wa Serikali, Daraja la Kati, katika Wizara ya Makofi na Vigelegele. Ni wizara kubwa, kubwa kuliko ya Afya na ya Maji, hasa ya Maji. Kazi yetu ilikuwa kukaa ukumbini tukingoja mtu mkubwa aseme jambo. Akisema, tunapiga. Kuna kofi la kukubali, kuna kofi la kushukuru, na kuna kofi la kufunika, ambalo hupigwa mheshimiwa anapokosea hesabu mbele ya wageni. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likituchosha.

Kazi hiyo niliichukia. Nasema wazi sasa kwa kuwa maiti hashitakiwi. Nilikuwa narudi nyumbani viganja vimevimba, siwezi kushika hata kikombe, na mke wangu Kazija ananinywesha chai kama mgonjwa. Kazija alikuwa na urithi wake huko Mwambeni, mji mdogo wenye upepo mzuri: tanuri la kuchomea mofa, ile mikate ya mtama, aliloachiwa na mjomba wake. Tanuri lilikuwa limelala baridi miaka yote. Kila jioni tulikuwa tukizungumza habari zake, mimi nikiwa nimetumbukiza mikono katika maji ya chumvi.

"Mikono hii, Machano," alikuwa akiniambia, "ingekuwa inakanda unga, ingekuwa na faida na watu."

Nami nilitaka hivyo. Sikutaka ukubwa, sikutaka bendera kwenye gari. Nilitaka kuacha kupiga makofi, nimchukue mke wangu, twende Mwambeni tukawashe tanuri. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani, na kama kulitaka ni kosa, basi niambieni.

*

Sasa, kwetu mtu akichoka na kazi haachi kazi. Anaacha koti.

Asubuhi unaingia ofisini, unavua koti lako, unalivisha kiti, unasema, "Jamani, nakwenda kunywa chai, narudi sasa hivi," na ndiyo imetoka hiyo. Hawakuoni tena. Akija mkubwa akauliza, "Fulani yupo?" wenzio wanajibu, "Yupo, koti lake lile pale." Na kweli koti lipo. Halichelewi, haliugui, halinuni, halidai likizo. Koti la Faki wa Masijala lilipandishwa cheo kwa utulivu wake, na mpaka leo ni Naibu Mkurugenzi. Ukilipelekea shida yako linakusikiliza mpaka unamaliza, jambo ambalo Faki mwenyewe hakuwahi kulifanya.

Ila kuna masharti. Koti liwe koti, la mikono mirefu, lenye bitana ndani. Zamani watu walikuwa wakiacha mashati, na mmoja aliacha taulo, serikali ikaona hiyo ni dharau.

Mimi koti nilikuwa nalo. Kazija alinishonea mwenyewe tulipooana, la kijivu, na kiwiko kilipotoboka alikitia kiraka cha kanga yake. Kanga ina maneno yake, na kile kipande kiliangukia neno moja tu, limekaa sawasawa kwenye kiwiko: NAWE. Wenzangu walikuwa wakinitania sana, nami sikujali. Nilikuwa nikiegemea meza, naegemea neno la mke wangu.

Aliyekuwa akilipenda koti hilo kuliko wote ni rafiki yangu Shaame Ngwali. Shaame alikaa kiti cha pili yangu, na alikuwa na mashati ya mikono mifupi tu, jua na mvua. Tulikula sahani moja na kupiga makofi bega kwa bega. Alikuwa akiipapasa ile bitana kwa vidole viwili kama mtu anayenunua kitambaa.

"Machano, niazime siku moja tu."

"Koti hili haliazimwi, lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani, wewe au Kazija?"

Tukacheka. Loo, tulicheka mno siku zile. Mimi nilidhani tunachekea kitu kimoja.

*

Siku niliyomwambia Shaame kwamba nimechoka, kwamba kesho nitalivisha kiti koti langu nikanywe chai ya moja kwa moja, alinishika mkono akanivuta nyuma ya jengo.

"Wewe Machano ni mtoto wa watu. Utatokomeaje kama mwizi wa kuku?"

"Si ndivyo wanavyofanya wote?"

"Wote hawana adabu. Mzee Vuai alikulea hivyo? Simama mbele ya watu, sema lako, wape mwezi watafute mtu wa kukaa mahali pako. Watakupa mkono. Utatoka mlango wa mbele, na koti lako begani, hakuna wa kukunyooshea kidole."

"Wakinikatalia?"

"Adabu inakataliwa na nani?"

Maneno yale yaliniingia. Si uongo, siku zote nilikuwa naona haya nikifikiria kumwachia Kazija sifa ya mke wa mtoro. Na koti lenyewe nitaliachaje pale na kiwiko chake?

"Basi nitawaambia naacha..."

Shaame alinifunika mdomo kwa kiganja. Na hapo, ndugu zangu, inabidi niwaeleze habari ya maneno. Kwetu neno *kuacha* limepigwa marufuku ofisini, tangu wale vijana wa sokoni walipoandamana wakipiga kelele, "Tuacheni!" Neno *kutoka* likafuata, kwa sababu ya "Toka!" Neno *kuondoka* lilipigwa marufuku kabla halijatumika, maana serikali yetu huona mbali. Na lile la *kujiuzulu* halikuwahi kupigwa marufuku hata siku moja, ila waliolitamka wote walipatwa na maradhi ya meno.

"Sasa nitasemaje?"

Shaame akafikiri, au alijifanya kufikiri.

"Liko neno moja zuri, la kiungwana, halijawahi kumkera mtu. Waambie umekuja kuwaaga."

Nikamkumbatia. Nilimkumbatia yule mtu! Kila nikikumbuka natamani kujichapa.

*

Jumatatu Bwana Mkubwa Waziri Tandaza alikuja kutukagua. Ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na udaktari alijitunuku mwenyewe katika hafla ambayo sisi ndio tuliopiga. Alipouliza kama kuna mtu mwenye la kusema, kwa desturi hakuna, nikasimama.

"Bwana Mkubwa Waziri, na wenzangu nyote. Kwa heshima na taadhima, nimekuja kuwaaga. Nawapa mwezi mmoja, ili mpate mtu wa kukaa mahali pangu."

Wenzangu walitazamana, hawajui hilo linapigiwa kofi gani. Waziri alivua miwani.

"Kuaga?"

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi, Bwana Mkubwa. Mzima kabisa."

"Wote husema hivyo," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Mwezi mmoja kabla! Jamani, mnamsikia? Wenzake wanakwenda ghafla, wanatuvurugia ratiba, wengine siku ya sikukuu ya taifa. Huyu anatoa taarifa! Ndugu Machano, wewe ni raia wa mfano. Nani ana taratibu za kuaga?"

Katibu wake akanong'ona kwamba taratibu za kuaga zipo, ila zipo upande wa Kitengo cha Misiba na Rambirambi, kwa sababu tangu wizara ianzishwe hakuna aliyewahi kuaga isipokuwa waliokufa.

"Zitumike hizohizo," akasema Waziri.

"Bwana Mkubwa, samahani," nikasema, "mimi naaga kazi tu."

Lakini wenzangu walikuwa wameshapata kofi la kupiga, lile la kufunika, na mtu aliyewahi kufunikwa na kofi la wizara yetu anajua hata mwenyewe hujisikii. Nilimwona Shaame kwenye vumbi la makofi amenyoosha mkono. Mdomo wake ulikuwa unasema yeye ndiye rafiki wa karibu, yeye apeleke habari Redio ya Taifa.

Nikafikiri, masikini Shaame, anakwenda kuwaelewesha.

*

Jioni ile nilisimama kwa muuza mihogo, muhogo wangu mkononi bado wa moto, redio yake ikiwa imening'inia kwenye mti wa kibanda. Mtangazaji akakohoa kidogo.

"Tunasikitika kuwatangazia kwamba Ndugu Machano Vuai, Mpiga Makofi wa Daraja la Kati, ametuaga."

Muuza mihogo akaitazama redio. Akanitazama mimi. Akauchukua muhogo taratibu kutoka mkononi mwangu.

"Mungu ailaze roho yako mahali pema," akasema. "Huu nitampa mtu atakayekula."

Msimlaumu. Redio ya Taifa haikosei. Ikitokea imekosea, kinachosahihishwa ni taifa. Mwaka mmoja redio ilipotangaza mvua Ijumaa na mbingu zikawa kavu, gari la zimamoto lilipita mitaani tangu asubuhi likitumwagia maji, nasi tukafungua miavuli. Kwa hiyo redio ikisema umeaga, umeaga.

Nikakimbia nyumbani. Mlangoni nilikuta viatu vya wanawake mpaka barabarani, udi unafuka, na maofisa wawili wa Kitengo cha Misiba wamesimama kama nguzo.

"Nipisheni, hii nyumba yangu."

"Ilikuwa," akasema mmoja, na alisema kwa upole, sikatai. "Tena afadhali umekuja mwenyewe. Nguo za marehemu hugawiwa, na orodha inasema kuna koti."

"Nimelivaa!"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Wakalivua. Mmoja alinishika mabega, mwingine akavuta mikono, nami napiga kelele, na ndani wanawake wakasikia kelele wakazidisha kilio. Shaame akatokea sijui wapi, akalipokea koti kwa mikono miwili.

"Nitamtunzia," akasema. "Nilikuwa rafiki yake."

"Shaame! Waambie basi, wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Machano," akasema, akinitazama machoni bila kupepesa. "Nilikusikia kwa masikio yangu haya ukiaga."

Na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu yule hakusema uongo hata kidogo. Angesema uongo ningepata pa kumshikia.

Nikazunguka nyuma, kwenye dirisha la chumba chetu. Kazija alikuwa amekaa juu ya mkeka, nguo nyeupe, kichwa amekifunika. Alikuwa mzuri, Mungu anisamehe kwa kumtamani mjane.

"Kazija! Mimi hapa."

"Nakuona, Machano."

"Sasa si uwaambie!"

"Niwaambie nini, na redio imeshasema? Mimi nishindane na redio?" Akatupa jicho mlangoni, akasogea dirishani, sauti akaishusha. "Wametuletea bomba."

"Bomba gani?"

"La maji. Jikoni. Mjane wa Taifa ana haki ya bomba. Miaka yote hiyo uko hai, nateka maji bondeni, mgongo umeniinama. Umeaga leo hii, jua halijazama, maji yanatoka ndani."

Kwa kweli hata mimi nilitamani kuliona.

"Sikiliza," akasema. "Niache nikae eda yangu kwa heshima. Nikitoka, tunaoana upya kimyakimya, twende Mwambeni tukawashe tanuri. Si ndivyo ulivyotaka? Lakini usije tena dirishani, watu watasemaje? Mwanamume asiye mume wangu."

"Mimi si mume wako?"

"Mume wangu amekufa, Machano," akasema, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. "Ukiwa na neno, mtume Shaame."

*

Mazishi yalifana. Siwezi kusema vingine, nilipiga makofi mwenyewe. Wabebaji walikuwa wachache, nikaitwa nishike jeneza upande wa kushoto, na kwa kuwa lilikuwa tupu, Waziri Tandaza alianzia hapo.

"Ndugu waombolezaji! Wepesi wa jeneza hili ni ushahidi wa usafi wa mtumishi huyu. Hakula cha mtu! Wako wengine humu, tukiwabeba tutahitaji winchi. Marehemu alituaga mwezi mmoja kabla. Nasema, na vyombo vya habari viandike: kila mtumishi sasa atoe taarifa ya kifo chake mapema, kwa mdomo, mbele ya wenzake, na atakayekufa bila taarifa atachukuliwa hatua!"

Tukapiga kofi la kukubali. Kisha akauliza kama nafasi ya marehemu imeshapata mtu, akaambiwa bado, maana inatakiwa mtu mwenye uzoefu. Macho yote yakanigeukia mimi. Basi nilizikwa asubuhi, na mchana nilikuwa nimeshaajiriwa tena mahali pangu, kiti kilekile, kama mfanyakazi hewa. Najua hata kwenu mmesikia wafanyakazi hewa, wale wasioonekana isipokuwa siku ya mshahara. Mimi nilikuwa kinyume chao. Nilionekana kila siku isipokuwa siku hiyo.

Nilikwenda Idara ya Uhai kulalamika. Dirishani akaniambia bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchele, "Lete mtu wa kushuhudia kuwa uko hai."

"Si unaniona mwenyewe, mama?"

"Naona wengi, mwanangu. Nimtaje yupi?"

Nikaridhika. Ndiyo, niliridhika, msinicheke. Nilikuwa na ahadi ya Kazija, na ahadi ya Kazija kwangu ilikuwa kubwa kuliko redio. Nikajiambia eda itakwisha, tutaoana, tutakwenda zetu.

Shaame alikuwa akipeleka na kuleta. Mwanzo alileta maneno mengi: Kazija anakusalimia, Kazija anasema ujifunike kichwa na umande, Kazija anauliza unakula wapi. Kisha yakapungua. "Anasema subiri." Kisha, "Hajambo." Na siku moja Shaame alikaa karibu nami, mkono amenitia begani, akaniuliza mofa zinachomwaje.

Basi nilifurahi! Nikajiona nina rafiki, anajali ninachokipenda. Nikamweleza yote: mtama unavyolowekwa, donge linavyolazwa mpaka lichachuke, tanuri linavyopashwa mpaka ukuta wake wa ndani uwe mweupe, na mkate unavyobandikwa kwa mkono uliolowana ili usiungue. Nilimwonyesha kwa viganja vyangu hewani. Alinifanya nirudie pale pa kubandika.

"Ukichelewa?" akauliza.

"Unaanguka kwenye majivu."

"Aa," akasema Shaame, "nimeelewa."

*

Siku eda ilipokwisha nilioga mapema, nikaazima kanzu, nikanunua kilemba cha Kazija cha hariri ya uongo, maana hariri ya kweli sikuiweza. Nikafika nyumbani, nikapiga hodi. Nyumba yangu mwenyewe, napiga hodi! Hakuna aliyeitika. Mlango ulikuwa wazi, mkeka umekunjwa, na jikoni bomba lilikuwa linadondoka.

Jirani, Bi Mize, alitoka na ungo wake.

"Wewe marehemu, unamtafuta nani?"

"Kazija."

Akaweka ungo chini. Mtu akiweka ungo chini kabla ya kukujibu, ujue.

"Kazija ameolewa asubuhi hii, mwanangu. Na yule rafiki yako. Wameshapanda gari la Mwambeni."

"Hawakusema neno? Hawakuaga?"

"Hawakuaga," akasema Bi Mize.

Nililia pale pale mlangoni. Sioni haya kusema. Shaame sikumlilia siku ile, hasira zake zilikuja baadaye. Nilimlilia Kazija, ambaye alininywesha chai kwa mkono wake, ambaye alijua kuliko watu wote kwa nini nilitaka kwenda, na amekwenda. Nilipomaliza kulia nikalifunga lile bomba, maana maji yalikuwa yanapotea bure.

Sikuwa na pa kwenda. Nikaenda kazini.

Ukumbini kulikuwa na hafla. Waziri Tandaza alikuwa anapandisha watu vyeo, na nilipokaa kwenye kiti changu nikatupa jicho kiti cha pili yangu, cha Shaame. Kilikuwa kimevaa koti. La kijivu, la mikono mirefu, lenye bitana. Kiwiko kilikuwa kimegeukia upande wangu.

NAWE.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mpigo mmoja. Mtu yule alikuwa anataka kutokomea miaka mingi, alikosa koti tu. Mimi nilikuwa nalo, na sikutaka kuliazima. Ikabidi niage.

"Na sasa," ilisema ile sauti nyembamba, "mtumishi ambaye tangu asubuhi hajanyanyuka kitini, hajaomba ruhusa, hajanung'unika. Ndugu Shaame Ngwali, kuanzia leo, Mkurugenzi wa Makofi!"

Ukumbi ukalipuka. Mshereheshaji akanionyesha kwa kidole, "Wewe hewa, piga! Kofi la kushukuru!"

Mikono yangu ilinyanyuka yenyewe, ndivyo ilivyofundishwa. Ikasimama hewani. Kisha, badala ya kupiga, ikanyoosha, ikalichukua koti kitini. Nikalivaa. Lilikuwa linanukia moshi wa udi na jasho la mtu mwingine. Nikatembea katikati ya ukumbi mpaka mlango wa mbele, na hakuna aliyenizuia, maana kila aliyeliona koti alisimama kwa heshima.

Askari wa getini akapiga saluti. "Mheshimiwa Mkurugenzi!" Kisha akapandisha macho, akaniona uso. "Ala! Kumbe wewe marehemu. Unampeleka wapi Mkurugenzi?"

"Ni koti langu. Mke wangu kanishonea."

"Huna koti, ndugu yangu, wala huna mke. Vua."

Akanivua, taratibu, akalipangusa vumbi mabegani, akaliomba radhi. Mwenzake akalipokea, akalirudisha ndani akilishika kwa mikono miwili, kwa kuwa mchana lilikuwa na kikao. Nikabaki na kanzu ya kuazima.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe vipi?"

"Naweza..." Nikatafuta neno. Yote mazuri yalikuwa yamepigwa marufuku. "Naweza kwenda?"

Askari akacheka, hakucheka kwa ubaya. "Nani kakuzuia? Geti hili halina hata kufuli, liliibwa zamani. Sisi tunalinda makoti. Nenda."

Nikaenda. Kufika ng'ambo ya barabara, kwa yale malezi yangu ya ujinga, niligeuka niwapungie mkono. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga, nikaendelea na njia.

Basi tangu siku ile nashinda hapa kibandani kwa mama mmoja asiye na redio. Ananihudumia kama watu. Chai yake ina tangawizi, na mkate aliouleta leo ni mofa, imeingia asubuhi na gari la Mwambeni. Nimeigeuza huku na huku nikitafuta kasoro. Haina. Imeiva pande zote, haina jivu hata chembe, imebandikwa kwa mkono uliolowana sawasawa kama nilivyomweleza. Nimeila yote, nifanyeje, nilikuwa na njaa.

Chai imekwisha. Sasa nanyanyuka, na ninyi msikae mkinitazama mdomoni. Siwaagi.